Karagosi wa kompyuta: kamba kaishika nani?

Wazazi wengi nawasikia wakisema kuwa michezo ya miwani ni katuni tu, na mtoto ndiye anayeichezesha. Kwamba ni katuni, sina ubishi. Hapo kwenye "kuichezesha" ndipo penye neno, kwa sababu karagosi wa kompyuta ana kamba zaidi ya moja, na mtoto hazishiki zote.

Nieleze kwa mfano. Miaka ya 1990, katika chuo cha MIT huko Marekani, Pattie Maes, Bruce Blumberg na wenzao walitengeneza mtambo walioupa jina ALIVE. Mtu alisimama mbele ya skrini kubwa, kamera ikamchukua, akajiona kama kwenye kioo, na kando yake yuko mbwa wa kuchorwa aitwaye Silas. Hakuvaa miwani wala kushika rimoti. Aliashiria kwa mkono, na mbwa akaitikia.

Mwaka 1995 Blumberg na mwenzake Tinsley Galyean walieleza kuwa kiumbe wa namna hii huongozwa kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni kiungo: tikisa mkia. Ya pili ni kazi: nenda kwenye ule mti, na njia ajitafutie mwenyewe. Ya tatu ni haja: mtie njaa au kiu, kisha mwache. Hutamwambia tena la kufanya. Atakwenda kutafuta mwenyewe kinachomtuliza.

Vifaa vya leo vimezidi. Meta Quest 3 hufuata mikono kwa kamera, na Apple Vision Pro hufuata hata macho yanakotazama. Kwa hiyo mtoto anaweza kumwita karagosi kwa ishara, amtume, amrushie mpira, naye akamwona anatembea juu ya zulia la nyumbani. Hizo ni ngazi mbili za mwanzo. Ile ya tatu, yaani karagosi anataka nini, kwa kawaida huwekwa na aliyetengeneza mchezo.

Na tusidharau nguvu ya picha. Mwaka 2006 Mel Slater na wenzake, London, waliwataka watu wampige shoti ya umeme mwanamke wa kompyuta kila anapokosea jibu. Wote walijua kuwa mwanamke si wa kweli na umeme haupo. Hata hivyo, waliomwona na kumsikia akilalamika miili yao ilishtuka kama kwamba ni kweli, na baadhi yao wakaacha kabla ya kumaliza. Ikiwa mtu mzima yamfika hayo, mtoto wa miaka minane je?

Chukua karagosi aliyetiwa haja moja tu: mchezaji asiondoke. Mtoto akitaka kuvua miwani, atanuna, atalia, atamwonyesha zawadi ya kesho. Hapo anayeongozwa si karagosi tena.

Sisemi tuwanyang'anye watoto miwani. Nasema mzazi aivae kwanza yeye, acheze robo saa, kisha ajaribu kuaga. Atazame karagosi anafanya nini akiagwa, na anaomba nini: muda, pesa, au siri za nyumbani. Akimruhusu aende zake kwa amani, mtoto na acheze. Akimng'ang'ania, basi haja aliyotiwa mmeshaijua.