Pumzi ya Sekunde Nne

Mtoto wa miaka minane anavuta hewa hadi kifua kijae, anaubana mrija kwa midomo, kisha anapuliza taratibu huku akikodolea macho puto kwenye kioo cha mashine. Akizidisha nguvu, puto linapaa na kupita mstari, akilegea, linashuka. Akilituliza katikati kwa sekunde nne, kazi imekwisha. Punde inatokea namba, tuseme 48.

Hizo ni sehemu 48 za gesi ya oksidi ya nitriki katika kila sehemu bilioni moja za hewa aliyoitoa. Kwa mwongozo wa madaktari wa mapafu wa Marekani wa mwaka 2011, mtoto aliye chini ya miaka 12 akizidi 35, hiyo ni dalili ya uvimbe wa aina ya mzio katika njia za hewa. Chini ya 20, uvimbe huo hautarajiwi.

Gesi yenyewe ilijulikana zaidi kama uchafu wa moshi wa magari. Mwaka 1991, Lars Gustafsson na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha kuwa hata binadamu huitoa anapopumua. Miaka miwili baadaye, Kjell Alving na wenzake wakakuta kuwa wenye pumu huitoa mara mbili hadi tatu zaidi. Mzio unapowashwa, seli za ukuta wa njia za hewa hutengeneza kimeng'enya kinachoizalisha kwa wingi. Uvimbe wa namna hiyo ndio unaotulizwa vizuri na steroidi za kuvuta.

Hapo ndipo ulipo utamu wa kipimo hiki. Spirometria hueleza hewa inatoka kwa kasi gani, na mtoto anaweza kuipita vizuri siku asiyobanwa kifua ilhali kuta za ndani zimevimba. Njia ya kuziona kuta zenyewe ni kumwingiza mrija wa kamera mapafuni, jambo ambalo hakuna mzazi anayelikimbilia.

Kwa nini asipulize tu anavyotaka? Pua hutoa gesi hiyo kwa wingi kuliko mapafu, hivyo mashine huweka ukinzani kidogo ili kaakaa laini lijifunge na hewa ya pua isichanganyike. Spinachi na saladi aliyokula muda mfupi kabla nazo zinaweza kupandisha namba. Mafua ya mzio pia huipandisha, hata kwa asiye na pumu.

Je, namba hiyo itumike kupanga dozi? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 ulihusisha watoto 509 wenye pumu. Waliopangiwa dawa kwa dalili pamoja na kipimo, asilimia 48 walipata shambulio ndani ya mwaka. Waliofuatiliwa kwa dalili peke yake, 51. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha faida. Kipimo kinasaidia zaidi katika kutambua ugonjwa, na katika swali ambalo wazazi huliona gumu: namba ikibaki juu kwa mtoto aliyeandikiwa steroidi, kabla ya kuongeza dozi daktari huuliza kama dawa inavutwa kila siku, kisha humwomba mtoto aonyeshe anavyoivuta.