Tumaini la Fizi halisubiri mkombozi mwenye bunduki

Theolojia ya ukombozi ilipata umaarufu kutokana na kitabu ambacho padri Gustavo Gutiérrez wa Peru alikichapisha mwaka 1971. Hoja yake ya msingi inaeleweka upesi: Mungu wa kitabu cha Kutoka alisikia kilio cha watumwa akasimama upande wao, kwa hiyo Kanisa haliwezi kumwambia maskini avumilie mpaka mbinguni huku anayemnyonya akikalia kiti cha mbele. Afrika haikuwa mbali na fikra hiyo. Agosti 1976 wanatheolojia wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walikutana Dar es Salaam wakaunda umoja wao. Na maaskofu wa Kongo, tangu 1961, walikwishaamua kwamba uhai wa Kanisa ujengwe katika jumuiya ndogondogo za majirani.

Hoja hiyo ikifikishwa Fizi na Baraka, mashariki ya Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, inakutana na swali gumu: Farao ni nani? Kule Peru mkulima alimjua mwenye shamba. Fizi, karibu kila aliyekuja na silaha alijitambulisha kuwa ndiye Musa. Mwaka 1964 walikuja wapiganaji wa Simba. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kuja kuwasaidia. Novemba akaondoka bila ushindi. Kuanzia 1967 Laurent-Désiré Kabila aliweka ngome ya chama chake cha PRP katika milima ya Fizi. Mwaka 1996 akarudi na AFDL, muungano uliobeba ukombozi ndani ya jina lake. Mwaka 1998 likafuata kundi la waasi la RCD. Wakawapo pia wapiganaji wa Mai-Mai wanaosema wanalinda ardhi ya mababu, na Twirwaneho wanaosema wanawalinda Wanyamulenge wa Minembwe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wamekuja wageni, wameinuka hata wenyeji, na mwenyeji hajapona.

Wala wafu hawako upande mmoja. Septemba 1996 raia Wanyamulenge waliuawa Baraka na Lueba. Kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, mamia ya raia waliuawa Makobola mikononi mwa wapiganaji wa RCD na washirika wao. Mhubiri anayegawa Israeli na Misri kwa kufuata kabila anaandaa vita vijavyo, Biblia ikiwa mkononi.

Basi tumaini lianzie wapi? Mfano mmoja uko Baraka kwenyewe, tarehe 28 Novemba 1964. Siku hiyo wapiganaji walifika misheni wakampiga risasi bruda Vittorio Faccin, Mwitalia wa shirika la Waksaveri. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Aliposikia mlio alitoka nje. Akaamriwa apande gari, akakataa, akapiga magoti karibu na mwili wa mwenzake, akauawa hapo hapo. Baadaye siku hiyo, huko Fizi, waliuawa padri Giovanni Didonè na padri Albert Joubert. Joubert alikuwa mtoto wa ziwa hili: baba yake kapteni Mfaransa, mama yake Mwafrika, Agnes Atakaye. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenyeheri.

Habari ya mashahidi ina hatari yake. Ni rahisi kuigeuza fundisho la kuinamisha kichwa: wao walikufa kimya, nawe teseka kimya. Lakini Carrara hakukubali tu yaliyomkuta. Alikataa amri ya mwenye bunduki, na jambo la mwisho alilolifanya ni kuuheshimu mwili wa mtu aliyeuawa kama si kitu. Kukataa huko ndiko kunakostahili kufundishwa.

Emmanuel Katongole, padri na mwanatheolojia wa Uganda, amelifafanua jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 2017, akichukua mifano mingi mashariki ya Kongo. Anaona kwamba tumaini la kweli huzaliwa ndani ya maombolezo. Anayeomboleza anamlilia Mungu, na wakati huo huo anakataa kusema kwamba yaliyotokea ni ya kawaida. Ndiyo maana wenye nguvu huogopa kilio kinachotolewa hadharani. Emmanuel Kataliko, Askofu Mkuu wa Bukavu, alipotoa ujumbe wa Krismasi ya 1999 akilaani uporaji wa nchi uliofanywa na wageni pamoja na Wakongo wenzao, watawala wa RCD walimzuia kurudi jimboni. Akahamishiwa Butembo kwa muda wa miezi saba. Hakuwa na askari hata mmoja.

Nguvu ya kilio cha namna hiyo ilionekana Baraka Februari 2011. Usiku wa Mwaka Mpya askari wa serikali walikuwa wamewabaka wanawake wengi mjini Fizi. Mahakama ya kijeshi inayotembea ikaja Baraka, na wanawake wapatao 49 wakatoa ushahidi, huku utambulisho wao ukilindwa. Katika jamii ambako aliyebakwa huweza kufukuzwa na mumewe, walieleza waliyotendewa mbele ya majaji, na afisa aliyewaongoza askari hao akiwa kizimbani. Afisa huyo, Luteni Kanali Kibibi Mutware, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hakuna jeshi la ukombozi lililowahi kuwapa wanawake wa Fizi kitu kama hicho.

Hukumu hiyo haikumaliza mateso. Mahakama iliamuru fidia, na miaka baadaye waathirika walikuwa bado wanaidai. Hapo ndipo makanisa ya Fizi na Baraka, ya Kikatoliki na ya Kipentekoste, yanapopimwa. Mkesha wa maombi unampa mjane nguvu ya kufika asubuhi, na si vema kuubeza. Lakini asubuhi ikifika, mjane anahitaji jumuiya itakayoandika majina ya waliouawa bila kuuliza kabila, itakayomsindikiza mahakamani, na itakayoiuliza serikali, Jumapili kwa Jumapili, fidia imefika wapi. Kanisa linalofanya hayo linahubiri ukombozi hata kama halijawahi kumsikia Gutiérrez. Lisipoyafanya, litawaacha vijana wamsikilize Musa mwingine atakayeshuka mlimani na bunduki.