Kabla Konea Haijachongoka

Kijana wa miaka 15 anabadilishiwa miwani kila mwaka, na bado usiku anaiona taa ya mashua ikiwa na mkia, au mwezi mmoja ukiwa na kivuli chake pembeni. Mzazi hudhani fundi miwani ndiye mbovu. Huenda kosa liko kwenye konea, ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, ambayo inakonda na kuchomoza kama koni. Ugonjwa huo unaitwa keratokonasi. Daktari Mwingereza John Nottingham aliueleza kwa kirefu mwaka 1854.

Huanza zaidi wakati wa kubalehe, na mara nyingi hupungua kasi mtu akifika miaka ya thelathini au arobaini. Urithi una sehemu yake. Kufikicha macho nako kunahusishwa nao sana, hasa kwa watoto wenye mzio wa macho, na pwani yenye jua, vumbi na pepo za kaskazi haikosi watoto wa namna hiyo. Huko Riyadh, uchunguzi uliochapishwa 2018 ulikuta dalili zake kwa takriban mtoto au kijana 1 kati ya kila 21 waliopimwa.

Tiba ya kuimarisha konea ilibuniwa Dresden, Ujerumani. Mwaka 2003 Wollensak, Spoerl na Seiler walitangaza matokeo ya wagonjwa wao wa kwanza. Konea imeshikiliwa na nyuzi za kolajeni, na katika keratokonasi nyuzi hizo zimelegea mithili ya wavu uliofumuka mafundo. Kwa njia ile ya Dresden, jicho hutiwa dawa ya ganzi, utando wa juu hukwanguliwa, kisha hudondoshewa riboflavini, yaani vitamini B2, kwa nusu saa. Baadaye humulikwa mionzi ya urujuanimno kwa dakika 30 nyingine, na nyuzi hushikana upya. Konea inatakiwa iwe na unene wa angalau mikromita 400, la sivyo mionzi inaweza kudhuru seli za ndani ambazo hazioti tena. Marekani iliidhinisha tiba hii 2016.

Siku za mwanzo jicho huuma kwelikweli, na ukungu waweza kudumu wiki kadhaa au miezi. Kuna wanaoambukizwa vijidudu au kubaki na kovu, ingawa ni wachache. Baada ya hapo wengine huona vizuri kidogo kuliko awali, lakini wengi huendelea na miwani au lenzi ngumu. Anayetarajia kutupa miwani atavunjika moyo. Kazi ya tiba ni kuuzuia ugonjwa usiendelee, na hilo inaliweza: Uingereza, vijana 60 wa miaka 10 hadi 16 walifuatiliwa kwa miezi 18, ugonjwa uliendelea kwa 7% ya waliotibiwa na 43% ya wasiotibiwa.

Kwa hiyo muda ndio kila kitu, na muda ndio unaopotea katika visiwa vya Wabajuni huko Somalia, kuanzia Koyama hadi Darakasi, ambako safari ya hospitali huanza baharini. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1991 familia nyingi zina jamaa Mombasa na Nairobi. Anayempeleka mtoto huko kwa ajili ya macho asiishie kwenye duka la miwani. Aombe mtoto apimwe ramani ya konea, naye akatazwe kufikicha macho tangu leo. Konea ikishachongoka na kuwa na kovu, kinachobaki mara nyingi ni kupandikiziwa ya marehemu.