Watu wa Pwani Wanapongoja Kimbunga



Mwezi uliopita katika darasa la mwaka wa tano tulikuwa na mabishano. Mwalimu wa jografia aliandika ubaoni neno «kimbunga», akatuuliza ni kitu gani. Mmoja wetu akajibu: «Ni ule upepo unatoaka manjanja ya nyumba kule Kikula.» Darasa lote likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema jibu si baya lakini ni dogo, akatupa kazi tutafute vizuri na kuandika. Hii ndiyo kazi yetu sisi watatu.

Mtauliza: sisi watu wa Likasi tuna haja gani na mambo ya bahari? Kutoka hapa mpaka Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 1,300 ukienda moja kwa moja kama ndege, na kwa barabara ni mbali zaidi. Lakini angalieni zile kamio zinazobeba shaba. Mingi kati yazo zinapita Kasumbalesa, zinavuka Zambia, zinatokea Tunduma, kiisha zinateremka paka Dar es Salaam. Papa ya mwenzetu mmoja ni shoferi wa kamio kama hizo. Mwanzo wa mwezi wa tano 2024 alikuwa kule, akampigia mama simu: «Musiningoje wiki hii, hapa wanasema kimbunga kinakuja.» Mama hakujua kimbunga ni nini. Mwenzetu naye hakujua. Usiku ule katika nyumba yao hawakulala vizuri, na njo maana yeye hakucheka darasani.

Upepo wetu wa hapa na kimbunga si watoto wa mama mmoja. Hapa Likasi wakati wa mvua wingu linapanda mchana, linakuwa jeusi, linapiga kwa saa moja hivi pamoja na radi, kiisha jua linarudi. Kimbunga kinazaliwa baharini, mahali maji yana joto la digrii 26 au 27 na kupita. Hewa yenye unyevu inapanda kutoka juu ya maji hayo, inageuka mawingu, na katika kugeuka inaachilia joto lake. Joto lile linasukuma hewa kupanda zaidi, na hewa nyingine inavutwa chini kujaza nafasi. Ni kama babula lililowashwa vizuri: linavuta upepo lenyewe. Na kwa sababu dunia inazunguka, hewa hiyo haiendi moja kwa moja, inapinda. Upande wetu wa kusini ya ikweta inazunguka namna mishale ya saa inavyozunguka. Mwisho kinakuwa kitu kipana cha kilometa mamia, kinatembea siku nyingi, na katikati yake iko «jicho», mahali pametulia kabisa.

Jicho hili ni mtego. Upepo unapiga kwa nguvu, kiisha unanyamaza, mbingu inafunguka, watu wanatoka nje kutafuta mbuzi na manjanja yao. Halafu upepo unarudi kutoka upande mwingine. Watu wa visiwani wanaojua wanabaki ndani paka redio iseme imekwisha.

Kimbunga kikipanda nchi kavu kinakosa maji ya moto, kinakufa. Ndiyo sababu hakifiki kwetu. Karibu sana na ikweta nako hakipendi, kwa maana pale nguvu ya kupindisha hewa ni ndogo. Mingi inakwenda Madagaska na Msumbiji, na watu wa Zanzibar na Dar es Salaam wanaweza kuzeeka bila kukiona.

Lakini si kwamba hawajakiona kamwe. Mwezi wa nne mwaka 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar wakati wa Sultani Barghash. Merikebu zake zilivunjika bandarini, na mikarafuu ya kisiwa cha Unguja iliangushwa sehemu kubwa sana. Kisiwa cha Pemba hakikuguswa vile, na tangu hapo Pemba ndiyo ilikuwa na karafuu nyingi kupita Unguja. Upepo wa siku moja uligeuza biashara ya nchi nzima! Mwaka 1952, mwezi wa nne tena, kingine kilipiga Lindi. Mwaka 2019 kilikuja Idai, kikaharibu mji wa Beira katika mwezi wa tatu, na watu zaidi ya 1,000 walikufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Wiki sita tu nyuma yake akaja Kenneth, akapiga kaskazini ya Msumbiji, si mbali na mpaka wa Tanzania. Majina haya yanatoka katika orodha ambayo nchi za upande ule wa bahari zimeitengeneza pamoja. Upepo ukifika kilometa 63 kwa saa unapewa jina, na kila msimu unaanza tena na herufi A. Kile cha 2024 kiliitwa Hidaya, maana yake zawadi. Tulicheka kidogo juu ya zawadi hiyo. H ni herufi ya nane, basi kilikuwa cha nane katika msimu ule.

Sasa tuje kwa matayarisho.

Jambo la kwanza ni habari. Kituo cha kisiwa cha Réunion kinaangalia bahari ile yote kwa satelaiti, na Tanzania iko na Mamlaka yake ya Hali ya Hewa. Wao wanatangaza kwa hatua: kwanza angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Siku zile za Hidaya redio ilirudia maneno hayo asubuhi na jioni. Meli za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Kule Kenya, ambako mafuriko yalikuwa yameua watu wengi tayari, Rais Ruto alitangaza tarehe 3 ya mwezi wa tano kwamba masomo hayatafunguliwa kwanza. (Tunajua wenzetu wengine wanafikiri nini hapa. Lakini wanafunzi wale hawakuwa wakicheza, madarasa mengine yalikuwa na maji ndani.)

Mvuvi anavuta ngalawa yake juu ya mchanga, mbali na maji kupita siku zote, anaifunga kwa mnazi wenye nguvu. Nyavu anazibeba nyumbani. Sababu si upepo peke yake. Kimbunga kinasukuma bahari yenyewe, maji yanapanda juu ya nchi, na maji hayo njo yanaua watu wengi kupita upepo. Kwa hiyo wanaokaa mahali pa chini wanahamia juu, kwa jamaa, au katika masomo na nyumba za kusali zenye kuta za mawe. Wazee, wagonjwa na wamama wenye mimba wanatangulia mchana, maana usiku barabara haionekani.

Nyumbani kazi ni mingi. Wanajaza maji safi katika ndoo na bidoni, kwa sababu visima vitaingia chumvi na uchafu. Wanaweka makala mahali pakavu, unga, chumvi, kiberiti ndani ya plastiki, na karatasi za maana: cheti cha kuzaliwa, karatasi za shamba, diploma. Simu inajazwa moto mbele ya umeme kukatika. Matawi mabovu yanakatwa. Madirisha yanafungwa pande zote. Kuna watu wanasema eti uache moja wazi kusudi upepo upite. Si kweli, upepo ukiingia unasukuma paa kutoka chini.

Juu ya paa tulijifunza kitu ambacho kilitushangaza. Wengi pwani wako na paa za makuti, yaani majani ya mnazi yaliyosukwa. Sisi tulidhani hiyo ni alama ya umaskini tu. Lakini makuti yakiruka hayamkati mtu. Manjanja, wao wanayaita mabati, yakiruka ni kama panga. Na upepo haubonyezi paa, unaivuta juu, vile unavyovuta karatasi juu ya meza. Kwa hiyo mawe tunayoweka juu ya nyumba zetu hapa Likasi, sisi wote tunafanya, hayasaidii sana siku ya upepo mkali, na yanaweza kuanguka juu ya kichwa cha mtoto. Kinachosaidia ni misumari ya kutosha na waya wa chuma unaoshuka kutoka paa mpaka ndani ya ukuta.

Matayarisho yana bei, na vitabu havisemi sana jambo hili. Mvuvi aliyevuta ngalawa siku tatu hana samaki siku tatu, na nyumba yake inakula nini? Mwaka 2021 walitangaziwa kimbunga Jobo kinakuja upande wa Dar es Salaam. Watu walijitayarisha, na Jobo akafika amechoka, mvua na upepo kidogo. Tuliulizana: tungekuwa wavuvi, mara ya pili tungesikia tena? Wawili kati yetu walisema ndiyo, mmoja alisema hapana, na hatukupatana. Hidaya naye alipungua nguvu mbele ya kugusa kisiwa cha Mafia tarehe 4 ya mwezi wa tano. Lakini mvua yake ilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, madaraja yakabebwa na maji, magari yakasimama siku nyingi. Mtu aliyesema «ni Jobo tena» akaingia barabara ile, alibaki pale.

Papa ya mwenzetu alirudi salama. Alisema kwamba katika parkingi ya kamio mashoferi walifunga mahema kwa kamba mara mbili, wakanunua mikate na maji, wakakaa. Wengine walikasirika juu ya siku zinazopotea. Yeye alilala ndani ya kabini, anasikia mvua, na hakujua bahari iko namna gani.

Kiisha kumaliza kazi hii tulipanda ngazi pamoja na mwalimu kuangalia paa la madarasa yetu. Katika darasa la mwaka wa pili manjanja manne yameshikwa na msumari mmoja mmoja, na upande wa mlango mbao imeoza. Tulimwambia Bwana Prefe. Alikuja mwenyewe kuangalia, akaandika katika daftari lake, akasema fundi atakuja. Mvua inaanza mwezi wa kumi na moja. Kwa sasa meza za upande ule tumezisogeza karibu na ubao.