Ni utando gani unaokinga alumini ya bunduki?

Bunduki nyingi za kisasa si za chuma kitupu. Mtutu na komeo ni vya feleji, lakini kiwiliwili kinachobeba kifyatulio na mitambo ya ndani mara nyingi huwa cha alumini, kwa lengo la kupunguza uzito. Mhandisi Eugene Stoner wa kampuni ya Marekani ya ArmaLite aliifuata njia hiyo katika miaka ya 1950, na bunduki yake ndiyo iliyozaa M16 ya jeshi la Marekani.

Wapo wanaoamini kwamba alumini haihitaji kinga kwa sababu haipati kutu. Usemi huo ni nusu ya ukweli. Kutu nyekundu ni ya chuma peke yake, lakini alumini nayo huliwa: hutoa unga mweupe, kisha hutoboka vishimo vidogo, hasa palipo na chumvi. Jasho la mkono linatosha kuanzisha uharibifu huo, sembuse hewa ya pwani.

Alumini inapokutana na hewa hujivika yenyewe utando wa oksidi. Utando huo ni mwembamba mno, unene wake ukiwa nanomita chache tu, na mkwaruzo mdogo huupasua. Aidha, aloi zinazopendwa na watengenezaji wa silaha hazilingani. Ile iitwayo 7075, yenye zinki, magnesiamu na shaba, ina nguvu kubwa, lakini shaba iliyomo huifanya iliwe kwa urahisi zaidi. Aloi ya 6061 ni dhaifu zaidi, ila huvumilia unyevu vizuri zaidi. Anayechagua nguvu, basi, anajitwika pia wajibu wa kuchagua kinga iliyo bora.

Kinga hiyo haiwezi kuazimwa kutoka kwenye chuma. Rangi ya buluu-nyeusi inayoonekana kwenye mitutu ya zamani hupatikana kwa kuchovya feleji katika maji ya moto yenye magadi makali. Alumini ikitumbukizwa humo huanza kuyeyuka. Aliyewahi kupika kwa magadi katika sufuria ya alumini na kuiona ikigeuka nyeusi ameuona udugu wa jambo hilo, ingawa kwa kipimo cha jikoni.

Njia iliyoshika hatamu ni anodaizi. Ilianza kutumika viwandani nchini Uingereza mwaka 1923, na kusudi lake la kwanza halikuwa silaha, bali kuvikinga vipande vya ndege za majini dhidi ya maji ya bahari. Kipande hutumbukizwa katika asidi, siku hizi aghalabu ya salfuriki, kisha hupitishwa umeme. Oksidi hukua kutoka kwenye metali yenyewe. Haipakwi juu yake kama rangi, na ndiyo maana haibanduki kwa maganda.

Anodaizi ya kawaida huwa na unene wa kati ya maikroni 5 na 25. Ile ngumu hufanywa katika asidi iliyopozwa hadi karibu nyuzi sifuri za Selsiasi, kwa umeme mwingi zaidi, na hufikia maikroni 50 hivi, unene unaokaribia ule wa unywele. Kwa kiwiliwili ambamo komeo la feleji husugua huku na huko maelfu ya mara, hii ya pili ndiyo ya kuchaguliwa. Ile ya kawaida inafaa kwa vipande visivyosuguana, kama vile vishikio vya darubini.

Hata hivyo, ugumu huo una gharama zake. Karibu nusu ya utando huingia ndani ya metali, na nusu hutokeza nje. Kwa hiyo utando wa maikroni 50 hupunguza kipenyo cha tundu kwa maikroni 50, maana kila ukuta umesogea kwa 25. Fundi asiyelihesabu hilo mapema atakuta pini haiingii. Pembe kali nazo ni tatizo: oksidi hukua kuelekea nje kila upande, hivyo kwenye ncha hubaki ufa. Pembe yafaa izungushwe kidogo kabla ya kazi.

Utando huo una vitundu vidogo mno, ndimo rangi nyeusi inamoingizwa. Baadaye vitundu huweza kuzibwa kwa maji ya moto. Kuziba huongeza kinga dhidi ya chumvi, lakini hupunguza uwezo wa kustahimili msuguano. Hapa mnunuzi hana budi kuamua anachokiogopa zaidi, bahari au kusuguka. Viwango vya kijeshi vya Marekani huagiza anodaizi ngumu isizibwe pale ambapo kazi yake kuu ni kuzuia kulika kwa msuguano.

Siku hizi wapo pia wanaopaka rangi zenye chembe za seramiki, zinazokaushwa kwa joto la tanuri. Zinapendeza na huzuia unyevu vizuri, lakini kwa maoni yangu zafaa kuwa nguo ya juu ya anodaizi nzima, si badala yake. Wapakaji wengi huparuza kwanza kwa mchanga wa upepo ili rangi ishike, na wakizidisha huiondoa ile kinga iliyo bora. Nchini Marekani kuna jambo jingine la kuangaliwa: sheria hutaka namba ya silaha ichongwe kwa kina kisichopungua inchi 0.003, yaani maikroni 76, na tabaka nene la rangi huweza kuizika.

Kwamba uamuzi wa aina hii si wa urembo kulidhihirika Vietnam. M16 za mwanzo zilikwama vitani, na baadhi ya askari waliuawa bunduki zao zikiwa zimekwama. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge la Marekani, chini ya Mbunge Richard Ichord, ilichunguza suala hilo. Baruti ilikuwa imebadilishwa, vifaa vya kusafishia havikutosha, na chemba ya risasi, ambayo ni ya feleji, haikuwa imepakwa kromiamu, ikashika kutu katika unyevu wa msituni. Baadaye chemba zilipakwa kromiamu, kisha mtutu wote kwa ndani.