Sisibo: mji uliozaliwa kwa nambari ya shamba

Wapwani wenzangu huniuliza: huko Eldoret kuna nini cha kutazama zaidi ya wanariadha na mahindi? Sisi tumezoea Ngome ya Yesu na mitaa ya Mji wa Kale, na hapa hakuna bahari wala ngome. Lakini mji huu una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita Mombasa kwanza.

Anza na majina. Eldoret linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, yaani mto Sosiani unaopita katikati ya mji. Kaunti yenyewe, Uasin Gishu, ina jina la kundi la Wamaasai waliochunga hapa zamani. Kabla yao walikuwapo Wasirikwa, ambao mashimo ya mazizi yao bado huonekana katika nyanda hizi. Kisha Wanandi wakachunga, wakapigana na Waingereza kwa miaka mingi, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1908, meli ilitia nanga Mombasa ikiwa na Makaburu zaidi ya 200 kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Van Rensburg. Walipanda gari la moshi hadi Nakuru, kisha wakakokotwa na maksai kupanda nyanda za juu. Ardhi ilikatwa mashamba, kila shamba likapewa nambari. Posta ilipofunguliwa mwaka 1910 ilikuwa katika shamba nambari 64. Wenyeji wakalitamka kwa Kiingereza chao, "Sisibo", na hadi leo wazee hulitumia. Jina la Eldoret lilitangazwa rasmi mwaka 1912.

Wazee husimulia pia kisa cha benki ya kwanza. Kasha la fedha lilishushwa kwenye gari la maksai, likawa zito hata halisogezeki, basi wakajenga benki kulizunguka pale pale. Reli ilifika mwaka 1924. Mwaka 1994 likaja bomba la mafuta, na tangu hapo mafuta yanayoshushwa Mombasa hufika Eldoret kwa bomba, na malori ya Uganda huja kuyachukua hapa.

Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji, la tano baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Ni heri. Ila jiji haliwezi kusimulia sherehe peke yake. Nje kidogo ya mji kuna Kiambaa, ambako tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Chanzo kilikuwa uchaguzi, lakini chini yake kulikuwa na swali la zamani: ardhi hii ni ya nani?

Swali hilo sisi Wapwani tunalijua. Mwaka ule ule wa 1908, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Pwani. Asiyewasilisha dai lake, ardhi yake ilihesabiwa kuwa ya serikali. Mijikenda wengi, na Waswahili pia, wakabaki wageni katika mashamba ya babu zao, na uskwota wetu wa leo umetoka huko. Kwa hiyo Kilifi na Eldoret ni ndugu katika jambo hili: kote kuwili karatasi ilifika, na mchungaji au mkulima aliyekuwapo hakuandikwa ndani yake.

Ndiyo maana nasema alama kubwa ya Eldoret ni lile jina la Sisibo. Watoto wa shule wakifundishwa lilikotoka, pamoja na Wasirikwa, Wamaasai, Wanandi na wote waliokuja baadaye, haitakuwa rahisi kwa mwanasiasa kuwaambia kwamba mji huu ulikuwa wa kabila moja tangu mwanzo. Na sisi wa Pwani tufanye vivyo hivyo kwa majina ya mitaa yetu kabla hayajasahauliwa.