Maegesho na Ujirani katika Vijia vya Bugembe

Mji wa Bugembe, ulio kilomita chache mashariki ya kitovu cha Jinja kwenye barabara kuu iendayo Iganga, Tororo na mpaka wa Kenya, unajulikana kwanza kama makao makuu ya Ufalme wa Busoga na mahali lilipo Kanisa Kuu la Kristo la Dayosisi ya Busoga, lakini kwa wakazi wake ni mji wa nyumba za kupanga, maduka ya rejareja na vijia vya vumbi vinavyoingia ndani kutoka kwenye lami. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu huko watu zaidi ya 26,000, na ile ya mwaka 2014 ikahesabu zaidi ya 40,000; kisha tarehe 1 Julai 2020, siku ileile ambayo Mbale nayo ilipandishwa hadhi kuwa jiji, Bugembe iliingizwa katika Jiji la Jinja. Watu wameongezeka na magari yameongezeka, ilhali vijia vimebaki vilevile, na majirani ambao zamani waligombania mipaka ya viwanja na mbuzi walioingia kwenye mihogo sasa wanagombania pia ukanda mwembamba wa ardhi ulio kati ya lango la nyumba na njia ya magari.

Ili kuuelewa ugomvi huo inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni haki ya kuingia na kutoka, yaani haki ya mwenye nyumba au mpangaji kutozibiwa lango, nayo haina mjadala: anayeacha gari mbele ya lango la mwenzake amekosea, hata kama ni kwa dakika kumi, na Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 huwapa polisi uwezo wa kumshughulikia dereva anayezuia njia ya wengine. La pili ni haki ya kumiliki nafasi iliyo kandokando ya ukuta, na haki hiyo haipo. Katika barabara ya umma, nafasi hiyo ni sehemu ya hifadhi ya barabara, maana yake ni ardhi iliyotengwa pande zote mbili za njia kwa ajili ya mifereji, waenda kwa miguu, nguzo za umeme na upanuzi wa baadaye, wala haiwi mali ya mtu kwa sababu tu ukuta wake umepakana nayo. Matairi yaliyozikwa nusu ardhini, mawe yaliyopakwa chokaa na mapipa yaliyojazwa saruji, ambayo huwekwa mbele ya nyumba ili kulinda nafasi, hayampi mwenyewe haki yoyote, bali humnyang'anya mwenda kwa miguu njia yake na kumsukuma mtoto wa shule katikati ya bodaboda.

Uhaba wenyewe unapimika kwa futi kamba. Kiwanja cha kawaida kinachouzwa katika miji ya Uganda ni cha futi 50 kwa 100, kwa hiyo upande unaotazama njia una upana wa mita 15 hivi. Lango likichukua mita 4, zinabaki mita 11, na kwa kuwa gari dogo kama Toyota Wish lina urefu wa takriban mita 4.6, mbele ya kiwanja kizima yanaweza kukaa magari mawili tu. Ndani ya kiwanja hichohicho huweza kuwamo safu mbili za muzigo, kama vinavyoitwa Uganda vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa mstari, kila familia ikiwa na chumba kimoja au viwili, na wapangaji watatu tu kati yao wakinunua magari, mmoja tayari amekosa mahali. Upana wa kijia nao una hesabu yake. Kama kijia kina mita 6 na magari yameegeshwa pande zote mbili, kila moja likiwa na upana wa mita 1.7, katikati hubaki mita 2.6, na gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5 kabla ya kuhesabu vioo vya pembeni. Nyumba ikishika moto usiku katika kijia kama hicho, wazimamoto watasubiri wenye magari waamshwe mmoja mmoja.

Magari mengi yanayogombaniwa nafasi Bugembe yametoka Japani, yakiwa yametumika huko kwanza, na historia yake ina funzo kwa mnunuzi wa Uganda. Tangu mwaka 1962 sheria ya Japani humtaka mnunuzi wa gari, katika sehemu kubwa ya nchi, athibitishe kwamba ana mahali pa kuliegesha nje ya barabara, ambapo siku hizi hapapaswi kuzidi kilomita 2 kutoka nyumbani kwake, na cheti cha uthibitisho hutolewa na polisi. Tena gari haliruhusiwi kuachwa mahali pamoja barabarani kwa zaidi ya saa 12 mfululizo, au saa 8 wakati wa usiku. Uganda imechagua kudhibiti umri wa gari, kwani marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalizuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini hakuna anayemuuliza mnunuzi gari litalala wapi. Haifai kuichukua sheria ya Japani kama ilivyo na kuiweka Busoga, ambako mtu huweza kununua gari kwa akiba ya miaka mingi ili limletee riziki; hata hivyo msingi wake ni wa haki, kwamba mzigo wa kutafuta mahali pa gari ni wa mwenye gari na si wa jirani yake.

Lawama haiwaangukii madereva peke yao. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango, hivyo ujenzi unapaswa kuombewa kibali kwa kamati husika. Mwenye nyumba anayejenga vyumba hadi ukutani bila kuacha hata nafasi ya gari moja hukusanya kodi ya kila chumba na kuuachia mtaa mzima adha ya magari ya wapangaji wake. Jambo hilo ni dhuluma, ingawa halisemwi sana, kwa sababu mwenye nyumba mara nyingi haishi hapo, na wanaobaki kutukanana ni wapangaji ambao hawakuchora ramani.

Ugomvi ukishatokea, chombo kilicho karibu zaidi ni LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ambalo mizizi yake ni mabaraza yaliyoenezwa nchini baada ya mwaka 1986 na ambalo wenyeviti wake walichaguliwa upya Julai 2018, baada ya miaka 17 bila uchaguzi. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006, mahakama za ngazi hiyo husikiliza mashauri ya madeni, uharibifu wa mali, shambulio na kuingia katika eneo la mtu bila ruhusa, mradi thamani yake isizidi vipimo 100 vya fedha, na kwa kuwa kila kipimo ni shilingi 20,000, kikomo ni shilingi 2,000,000. Rangi iliyokwaruzwa kwa msumari, kioo cha pembeni kilichovunjwa na tairi lililotolewa upepo kwa hasira huingia humo bila taabu. Lililo muhimu zaidi ni kwamba mahakama hiyo, pamoja na kuamuru fidia, inaweza kuamuru upatanisho na kuomba radhi. Faini ya polisi huenda serikalini, na majirani hurudi nyumbani wakiwa na kinyongo kilekile. Radhi iliyoombwa mbele ya mwenyekiti na wazee wa mtaa humrudishia aliyekosewa heshima yake.

Kabla ya kufika huko, kuna hodi. Mkazi mwenye busara hamwendei jirani alfajiri akiwa amechelewa kazini, kwa maana saa hiyo kila neno huwa shtaka, bali humwendea jioni, akamsalimu yeye na watu wake, akamwita Mzee au Mama Fulani kama anavyoitwa mtaani, kisha akaeleza shida badala ya kosa: "Mzee, nimekuja kwa ajili ya lile lango, mama watoto ana zamu hospitalini saa kumi na mbili asubuhi, na gari halipati pa kutokea." Kutokana na mazungumzo kama hayo huweza kuzaliwa makubaliano ya mtaa mzima, yakaandikwa na kutunzwa na katibu wa LC1, kwamba magari yataegeshwa upande mmoja tu wa kijia, ule usio na mfereji, kwamba atokaye mapema zaidi ndiye atakayelaza gari nje ya mengine, kwamba kila dereva ataacha namba ya simu chini ya kioo cha mbele, na kwamba malori hayatalala vijiani. Uwezo wa kupatana upo, kwani msiba unapotokea Busoga na turubai likafungwa katikati ya njia, magari huhamishwa, viti hupangwa, na hakuna anayelalamika.

Katika vitovu vya miji ya Jinja na Mbale, ambako mitaa ilipimwa kwa upana zaidi tangu enzi za ukoloni, tatizo lina sura nyingine, maana huko mwenye duka anayeegesha gari lake mbele ya baraza kuanzia asubuhi hadi jioni humzibia mteja wake mwenyewe na wateja wa jirani. Huko ada ya maegesho inayopanda kadiri saa zinavyopita inaweza kusaidia; katika vijia vya Bugembe haiwezi.

Halmashauri ya Jiji la Jinja isipitishe tena ramani ya nyumba za kupanga isiyo na nafasi ya magari ndani ya kiwanja, na wenye nyumba wa Bugembe wasingoje amri ili kung'oa matairi na mapipa waliyoyaweka barabarani.